Mwenye Faili la Geti

Saa saba mchana. Chumba cha nyuma ya duka la spea, Arua. Nasuru alieleza mpango kwa sauti ya mtu anayefundisha mbuzi.

"Ghala iko Koboko. Sigara iko ndani ya lori. Sadiya anatoa faili ya geti, ile kibali ya kutoa lori, kwa komputa. Lodu anaonyesha mlinzi, anatoka na lori. Swali iko?"

Alijiona jenerali. Simu za wenzake alikwishazitupa kwenye sufuria ya maji, maana hakumwamini mtu. Kila kazi ya mtandaoni ilipita kwenye akaunti yake mwenyewe, na paswedi alitunga yeye. Jitu zima, lakini komputa aliijua kwa kuifuta vumbi tu.

Lodu, dereva, alikuwa mume wa Sadiya. Walikuwa na mtoto mchanga. Juzi polisi walimkamata Nasuru wakamwachia siku hiyohiyo, naye akasema ni ujanja wake. Wenzake wakamwamini, wajinga wale.

Saa saba na nusu. Sadiya alilipata faili kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kampuni ya sigara. Hakulifungua. Aliandika kwanza amri fupi ya kuonyesha ruhusa zake: nani mwenyewe, nani anaweza kulisoma.

"Unapoteza saa!" Nasuru alifoka. "Mwizi anaomba ruhusa kwa nani?"

Jibu likaja. Mwenye faili: Nasuru. Anayeruhusiwa kulisoma: mpelelezi wa polisi.

Sadiya akaelewa. Kumbe kibali kile alikitengeneza Nasuru mwenyewe, akakipachika humo na kumruhusu mpelelezi akisome. Lodu angekionyesha getini afungwe pingu, na kesi ya Nasuru ya juzi ife.

"Lodu, usiende. Hii faili ni Nasuru aliandika. Polisi iko nayo."

Nasuru alicheka. "Bibi yako iko na wazimu. Faili iko safi. Yala, enda!"

Lodu alimtazama mkewe, kisha akamtazama yule mtu aliyemlipia mahari. Akachukua funguo za gari. Sadiya alitaka kulia kwa hasira.

Funguo zikaruka, zikamgonga Nasuru kifuani.

"Kama iko safi, Mzee, enda onyesha geti wewe."

Nasuru hakuziokota. Alipeleka mkono kiunoni, kwenye bastola. Lodu akamwahi na spana ya magurudumu, mfupa ukalia. Jenerali alianguka chini akitokwa damu, akigaagaa, akimwita mpelelezi kwa jina aje amwokoe.