Ndege Aliyefutwa

"Kaka, unanunua skrubu au dhahabu?"

Foleni nzima ya duka la vifaa ikaangua kicheko. Kijana aliyekuwa mbele akageuka, skrubu ya alumini ingali juu ya kimizani chake cha mfukoni. Alikuwa fundi simu, shati limenyooshwa kwa pasi, na macho, jamani, macho yale! Mchora mabango, binti aliyemtania, aliyekuja kununua thina ya rangi akiwa na ovaroli yake yenye madoa ya kila rangi, akasahau kabisa kuwa ana haraka.

"Ni za gari langu la mashindano, dada. La rimoti. Kila gramu ninayoitoa, linaruka vizuri zaidi."

"Gari la kuchezea? Na ndevu zote hizo?"

"Njoo ulione kwanza, halafu unicheke vizuri."

Akaenda, na huko ndiko alikopotelea. Kwenye uwanja wa mashindano, wenye matuta na vumbi nyuma ya maghala, wenzake yule kijana walimwita Gramu. Alitoboa chasisi matundu, alikata ncha za skrubu, alibishana juu ya uzito wa waya mmoja mpaka mate yakamkauka.

"Malkia wangu, umekula?" alikuwa akipiga simu mchana.

"Nimekula. Wewe umekula, au na wewe unapunguzwa uzito?"

Siku moja Gramu akamwomba binti amchoree bodi, lile ganda la plastiki angavu linalofunika gari. Bodi hupakwa kwa ndani, kwa hiyo picha huanza kinyume: jicho kwanza, mwili baadaye, anga mwisho. Binti alichora mbayuwayu, unyoya kwa unyoya, tabaka juu ya tabaka, kila alipotoka kazini. Gramu alipomwona yule ndege alimbusu binti viganja vyote viwili.

"Huyu nitamwonyesha dunia nzima!"

"Mwonyeshe mama yangu kwanza."

Maana mama yake binti hakuficha dharau yake. "Mwanamume mzima na midoli! Huyo atakuoa au atakutia betri?"

Siku ya mashindano binti akavaa gauni la njano, akamshika mama mkono hadi kando ya uwanja. Mama alikuja shingo upande. "Tafuta mbayuwayu, mama. Leo ndiyo utamkubali."

Magari yakatimka. Mbayuwayu hakuonekana. Gari la Gramu lilitangulia, bodi nyeupe, tupu kama sahani.

"Yuko wapi huyo ndege?" mama akauliza.

 Aibu ikawaka usoni mwa binti.

Gramu alimaliza wa kwanza, akawakimbilia huku jasho likimtiririka. "Mmeona? Nilifuta rangi, mpenzi, ilikuwa nzito mno. Nikapuliza tabaka moja tu la rangi nyeupe!"

Kabla hajajibiwa, mwamuzi akamwita kwenye mizani. Gari lilikuwa jepesi kuliko kanuni inavyoruhusu, ushindi ukafutwa. Kilichopungua kilikuwa kidogo. Lingekuwa na mbayuwayu wake, lingepita.

Gramu akarudi mbio, ameshika bodi. "Kuna raundi nyingine! Una rangi mkobani? Nipakie chochote, mradi kiwe kizito!"

Lo! Chochote! Moyo ulimpasuka binti wa watu hapo hapo. Akamshika mama yake mkono, wakaondoka bila kuaga.

Kesho yake simu ikalia. Binti aliipokea mara moja.

"Nisamehe, malkia wangu. Nimekosa."

"Ulipokuwa unamfuta, ulinifikiria?"



"Nikudanganye?"

"Usinidanganye."

"Nilifikiria gramu tu."

Masikini, uongo mdogo ungetosha. Binti alikuwa ameshavaa viatu, tayari kumfuata.

"Asante kwa kuniambia ukweli," alisema, machozi yakimchuruzika. "Usinipigie tena, mpenzi."

Hilo neno la mwisho lilimtoka kwa mazoea, likamuuma kuliko yote. Mama alikuwa mlangoni, amekuja na maneno tele mdomoni. Akayameza.

"Bado nampenda, mama."

"Najua, mwanangu," mama alisema, akapiga magoti, akaanza kumvua viatu.