Kipimo Uani kwa Mukabera

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote pale Isingiro. Kahawa ilikuwa imeanikwa, ndizi zinamenywa, na jenereta ya misheni inanguruma kuwasha taa za zahanati. Waya wake ulipita juu ya migomba ya Mukabera, mjane wa asili ya Rwanda aliyeishi peke yake. Tangu waya uvutwe, wapita njia walisema nywele zinawasimama pale. Mbuzi wakafa. Wachache walilaumu waya. Wengi walimlaumu Mukabera, kwamba anauvuta umeme kwa uchawi.

Paroko akamtuma Kamugisha, fundi wa jenereta, akapime. Kamugisha alikuwa ametoka kozini Mwanza na kipimo cha mkononi chenye mshale, cha kupima nguvu ya umeme na ya sumaku hewani. Alifundishwa vizuri: kipimo kiwekwe juu ya kigoda kikavu, mpimaji arudi nyuma, na mtu yeyote asikisogelee, maana mwili wa mtu huvuruga kipimo cha umeme. Lakini kijiji kilikuwa kimejaa uani kwa Mukabera kumtazama, na sifa zikamlevya. Akakishika mkononi, akakiinua juu kama padri ashikavyo msalaba.

Mukabera akatoka ndani akifurahia wageni. Kwao, kumsalimu mtu ni kumshika mikono yote miwili juu ya viwiko na kutomwachia mpaka habari ziishe.

“Amakuru, mwana wanjye,” alimwuliza habari kwa Kinyarwanda, akamshika.

Mshale ukaruka.

Watu wakaguna. Ndyamukama, mwenyekiti wa kitongoji, akamnong'oneza Kamugisha, “Ni yeye?”

Kamugisha alijua kosa ni lake. Alijua ni mwili wa yule mama tu uliovuruga kipimo, na neno moja lingetosha kumwokoa. Lakini akubali kuwa amekosea, mbele ya watu wote wale? Akainamisha kichwa, akanyamaza. Watu wakakitafsiri kimya chake walivyotaka.

Jioni hiyo walimfukuza yule mama kijijini. Haikupita wiki, Mukabera akakutwa amekufa kando ya njia iendayo Murongo, amekumbatia kifurushi chake.

Aibu ikamla Kamugisha. Hata kumtazama mkewe usoni akawa hawezi. Mchana mmoja wa jua kali, jenereta ikiwa imezimwa, akarudi kwenye ule ua kupima ipasavyo, apate ushahidi wa kumsafishia marehemu jina. Akaweka kipimo juu ya kigoda. Akarudi nyuma hadi migombani. Akasubiri.

Mshale ulilala kwenye sifuri.

Kisha ukapanda. Polepole. Kama mtu anayekuja.

Akakimbilia kigoda, akageuza swichi iende kwenye sumaku, akarudi nyuma tena. Mwili wa mtu hauvurugi sumaku. Hilo alikuwa na hakika nalo.

Mshale ukapanda tena.

“Mama,” alinong'ona, “nisamehe.”

Mshale ukashuka. Hakuna jani lililotikisika.

Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya watu akasema yote. Kipimo kilikuwa kizima, yeye ndiye aliyekishika vibaya. Mukabera hakuwa na hatia. Akangoja wamzomee.

Hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Ndyamukama, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akivuna ndizi za Mukabera, akamsogelea sikioni.

“Tulijua, mwanangu,” alisema. “Tulitaka tu msomi atusemee.”

Kamugisha akarudi nyumbani macho chini. Evangelina, mkewe, alikuwa amesimama kando ya mlango, ufagio mkononi, hataki kusogea.

“Nimefagia hapa sasa hivi,” alinong'ona. “Nani amekuja kukupigia magoti ya shukrani?”

Mbele ya kizingiti, kwenye vumbi, palikuwa na alama za magoti mawili, zimeelekea ndani. Hapakuwa na nyayo za kuja. Wala za kuondoka.