Chai Aliyoimaliza Mama Nafula

Nina miaka ishirini na nne, naishi Voi, na kosa langu la mwanzo lilikuwa dogo sana: niliomba ruhusa ya kurekodi, sikuomba ruhusa ya kuyasema yale maneno mbele za watu. Labda nanyi mnaona ni kitu kimoja. Hata mimi niliona hivyo...

Uigizaji sikuusomea popote. Nilijifunza kwa simu, video baada ya video, nikiishi na hofu kwamba siku moja mtu atasimama aseme huyu hajui kitu. Kwa hiyo kila jambo lilipaswa kuwa sawasawa. Kila jambo!

Jirani yangu, Mama Nafula, alimuuguza mumewe aliyepooza kwa miaka minne, hadi akafariki. Nilipomwambia natafuta maneno ya mchezo kuhusu watu wanaouguza wenzao nyumbani, alicheka.

"Rekodi tu, mwanangu. Maneno yangu itaenda wapi?"

Aliongea akikata sukuma wiki. Karibu na mwisho akashusha sauti. "Siku alikufa, sawa tu, nililia kama watu. Lakini wakienda, nilikaa nikakunywa chai kikombe mzima, ikiwa moto. Miaka minne mimi sijamaliza chai."

Niliisikiliza sehemu hiyo pengine mara hamsini. Nilihesabu hata pumzi zake! Jina nikabadilisha, kazi nikabadilisha, nyumba nikaihamishia mbali, Bomeni. Maneno sikuyagusa.

Wakesho, aliyeigiza nafasi hiyo, alisita. "Si tutoe hii ya chai? Anayemjua atamjua."

"Ukitoa neno moja umeua mchezo," nikamwambia.

"Haya, profesa."

Jumamosi ya onyesho Mama Nafula mwenyewe alikuwa kazini. Lakini bintiye, Nafula, wa kidato cha tatu, alikuja na wenzake. Nani alimwalika? Mimi! Nilijiona nimeficha vizuri...

Wakesho alisema "sawa tu" vile vile Mama Nafula husema, akanyamaza vile vile, kisha akasema ya chai. Ukumbi ulipiga makofi. Nafula aliinuka akatoka, na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ameguswa na sanaa yangu.

Jioni ile alimuuliza mama yake swali moja tu: kumbe ulikuwa unangoja Baba afe? Kesho yake akafunga nguo zake, akaenda kwa bibi yake mzaa baba, Mwatate. Mama alimfuata mara tatu, na mara tatu hakutoka nje kumsalimia. Fikirieni mama aliyemlisha mgonjwa kwa kijiko miaka minne, leo mtoto wake wa pekee anamwona muuaji!

Nilienda Mwatate nikasema uongo, kwamba ule mchezo niliutunga. Nafula alinitazama.

"Basi niambie ya chai uliitoa wapi."

Nilirudi Voi, nikasimama mlangoni kwa Mama Nafula nikaomba msamaha. Hakunitukana. Heri angenitukana...

"Ulibadilisha jina yangu, asante," alisema. "Lakini mdomo uliacha ni yangu. Mtoto anaijua tangu tumboni."

Mwaka unakwisha sasa. Nafula hajarudi. Mama yake nikimsalimia hujibu, kisha hufunga mlango polepole, na siwezi kumlaumu. Nimechoka kujitetea, hata moyoni.

Ninyi mnaoandika, mnaoigiza, mnaorekodi watu kwa simu: msidanganyike na makofi. Mtu akikufungulia moyo jikoni kwake, amekufungulia wewe, si ukumbi mzima. Muulize ni nani hapaswi kusikia. Mimi sikuuliza!

Mchezo ule niliufuta, na rekodi pia. Siku hizi mwenye maneno ndiye husoma kwanza nilichoandika, peke yake, kalamu mkononi. Juzi mzee mmoja mstaafu wa reli alikata kurasa tatu, tena zile nzuri kuliko zote. Nilizitoa bila kumuuliza sababu.