Dari la Nyumba ya Joram Oketch

Binamu yangu Joram Oketch alijenga nyumba yake Migosi, hapa Kisumu, na ilikuwa nyumba nzuri. Februari 1991, jua likiwa kali, nilikuwa nakunywa chai kwake, mkewe Lornah aliponiita chumbani. Juu ya kitanda chao, dari lilikuwa na doa la kahawia.

"Shemeji, mvua imetoka wapi?"

Wiki hiyo tulikuwa tumemzika Ouma, mdogo wake Joram, aliyezama ziwani huko Luanda Kotieno. Kwa desturi yetu, aliyekufa maji haingizwi nyumbani. Huzikwa karibu na ufuo. Joram, mzee wa kanisa, alisema huo ni upagani. Sebule ilipojaa waombolezaji, jeneza la Ouma alililaza katika chumba hicho cha kulala.

Doa likapanuka. Rangi ikababuka. Bodi ya dari ikavimba kama tumbo. Joram akamwita jirani yake Surinder, fundi wa mabati, ambaye alipanda juu ya dari na tochi, akashuka na vumbi kwenye ndevu.

"Oketch, mabati yako ni mazima kuliko ndoa yangu. Bomba hakuna. Huko juu ni kukavu. Lakini hameni chumba, bodi itawaangukia."

"Nyumba hii iliombewa," Joram akasema. "Hatuhami."

Lornah alimnong'oneza mumewe. "Baba, twende tukalale kwa dada yangu Rosa. Nikilala hapa nameza maji."

"Ni ndoto. Omba."

Surinder aliweka ndoo, akatoboa bodi kwa bisibisi ili maji yatoke. Yalitoka mengi. Yalinuka samaki. Yalipokwisha nilipanda kiti, nikaingiza kidole tunduni.

Vumbi tu.

Asubuhi iliyofuata Joram alinitumia mtu. Nilimkuta Lornah amelala chali. Mdomo wazi. Shuka kavu. Mto mkavu. Hakuwa akipumua.

Daktari alituuliza marehemu alikuwa akiogelea wapi, kwa kuwa mapafu yake yalijaa maji.

Wazee walimsihi amzike Lornah karibu na ziwa. Alikataa. Jeneza lingelala nyumbani, chumba kile kile, kwa maombi. Nilisema neno langu mara moja tu, kwa kuwa nilimjua.

Rosa ndiye aliyemwosha dada yake. Alitoka mochari akiwa na taulo mkononi, akanivuta kando.

"Shemeji, nani alimshika mikono? Kuna alama za vidole, zenye maji. Nazifuta, zinakauka. Nikigeuka, zimelowa tena."