Mgeni wa Baada ya Feni

Nyumba kubwa si neema kama huna hata mtu wa kugombana naye. Hilo Mama Wilhelmina alilijua kuliko padri wake, maana aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitano huko Isamilo, Mwanza, katikati ya yale majabali yanayonyonya jua kutwa nzima na kulirudisha jioni. Ilikuwa nyumba ya meneja wa shirika la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa, kila mtu akikimbilia chake, mumewe Mihayo aliinunua pamoja na vyote vilivyokuwamo, hata mtambo wa kupoza hewa uliofichwa darini, na mabomba yake mapana ya bati yanayopeleka baridi kila chumba. Maskini Mihayo, hakuufaidi. Alifariki kabla hajamaliza kupaka rangi, na binti yao wa pekee, Evelina, akaolewa na mfanyakazi wa reli huko Tabora.

Basi mama wa watu akabaki na mtambo. Ulikuwa ukinguruma mpaka nyumba ipoe, kisha unajizima wenyewe, na feni nayo inakata palepale. Hapo ndipo penye shida. Mtambo ukinguruma, ilikuwa kama kuna mtu mwingine ndani anafanya shughuli zake. Ukizima, Mama Wilhelmina alibaki akisikiliza saa ya ukutani na jinsi anavyomeza mate.

Akamwita fundi Chenge wa Igoma, aliyezoea kutengeneza majokofu ya viwanda vya samaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi, feni haiwezi kuendelea kidogo baada ya mtambo kuzima?"

"Mbona hiyo ndogo!" Chenge alisema. "Siku hizi kuna taima zinaletwa kutoka Dubai, soko huria hili. Mtambo ukizima, taima inaishikilia feni kwa muda, inakusukumia baridi iliyobaki kwenye mabati. Maana sasa hivi, mama, baridi yako inakufia darini bure!"

Mama Wilhelmina alitikisa kichwa kukubali. Hakumwambia kwamba baridi haikuwa shida yake. Alichotaka ni kimya kichelewe kuja.

Taima ikafungwa, na kwa siku kadhaa mama akaridhika. Feni ikibaki peke yake ilikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Kisha inapungua, inapungua, inakwisha.

Mchana mmoja wa jua kali alikuwa anapiga pasi kitenge chake cha kanisani. Mtambo ukazima. Feni ikapuliza, ikakata. Halafu akasikia: ko, ko, ko. Haukuwa mlango wa nje. Ulikuwa mlango wa chumba cha Evelina, mwisho wa korido, chumba ambacho hakikuwa na mtu.

Sasa, mtu aliyelelewa akalelewa vizuri, akisikia mlango unagongwa hufanyaje? Mdomo hauombi ruhusa.

"Karibu!" akasema, pasi ikiwa mkononi.

Kisha akajicheka. Chenge, alipopita kuulizia hali ya taima, alimwambia ni bati tu, likipoa linajikunja na kugonga. Mama akaona ni kweli. Lakini jioni ile nyumba ilinuka magugu maji. Miaka ile magugu maji yalikuwa yameliziba ziwa, na harufu yake yakioza kila mtu wa Mwanza aliijua. Tatizo ni kwamba ziwa lilikuwa chini huko, mbali, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Tangu siku hiyo, kila feni ilipokata, palikuwa na mtu. Kiti cha pili cha sebuleni kililia kama kinavyolia kikikaliwa. Akisema neno, kimya kilichofuata kilikuwa cha mtu anayesikiliza. Aliogopa, ndiyo. Lakini msimcheke: baada ya hofu, aliona raha. Akaanza kumsimulia mambo ya sokoni, bei ya sato, umbea wa jumuiya. Akaanza kutenga vikombe viwili. Akirudi kutoka jikoni alikuta kikombe cha pili kitupu, na mchanga mweusi wa ziwani umetuama chini. Alikiosha tu, akakirudisha kabatini.

Wiki hiyo simu ikalia. Evelina, kutoka Tabora.

"Mama, nakuja kujifungulia nyumbani. Mtoto wa kwanza hazaliwi ugenini, si ndivyo ulivyonifundisha?"

Mama Wilhelmina alipiga kigelegele peke yake sebuleni. Akatandika kitanda cha chumba cha Evelina kwa mashuka mapya, akapanga kabatini vinguo vya mtoto alivyofuma kwa mkono wake.

Kesho yake mchana aliingia kufungua dirisha, akaishia mlangoni, kwa sababu kitanda kilichotandikwa vizuri kilikuwa kimebonyea katikati kama kimelaliwa na mtu mrefu, na pembeni ya bonde lile palikuwa na kibonde kingine kidogo, cha ukubwa wa mtoto mchanga, na juu ya hicho kidogo vilikuwa vimepangwa vile vinguo vya kufuma, kofia juu, kisha fulana, kisha soksi, kila kimoja mahali pake, vyote vimelowa chapachapa, vinanuka ziwa, na feni, ambayo ilipaswa iwe imeshakata, ilikuwa bado inapuliza juu ya kichwa chake, polepole, kama mtu anayebembeleza.

Alikimbia kumtafuta Chenge. Chenge akaja na ngazi, akapanda darini akijitapa, akakata nyaya za taima, akashuka na taima mkononi.

"Tayari, mama. Hii hapa."

Wote wawili wakanyanyua vichwa. Feni ilikuwa bado inapuliza.

Chenge akaiangalia taima. Akaangalia dari. "Mama," alisema kwa sauti ya chini sana, "umeme nimezima kwenye meinswichi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shikamoo, mama." Akaiweka taima sakafuni kwa adabu, akatoka, na ngazi yake hakurudi kuichukua.

Aliyebaki wa kumkimbilia ni Bibi Suzana, mganga wa Nyakato, kikongwe aliyevaa rozari na shanga za mizimu kwenye shingo moja bila kuona haya. Alikaa kwenye kiti cha pili, akanusa, akahama haraka.

"Siku ya kwanza alipogonga ulimwambiaje?" aliuliza.

"Nilisema karibu, bibi. Ni mazoea."

"Ee, mayu, mama yangu! Basi hilo jini halikuvunja mlango, wewe ndiye uliyelifungulia. Jini la ziwani hilo, pweke kama wewe. Lakini mtu mmoja halitoshi, na sasa limesikia kuna mtoto anakuja."

"Lifukuze, nakuomba."

"Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, atageuka adui. Mgeni husindikizwa. Mpikie, ashibe. Mshukuru kwa kukutembelea. Msindikize mpaka ziwani, mtakie safari njema, kisha funga mdomo. Umenielewa? Lile neno la kwaheri tunalolisema sote bila kufikiri, usilitamke. Ukimkaribisha tena hatakuwa mgeni. Atakuwa mwenyeji, na atakayepiga hodi ni wewe."

Mama Wilhelmina akapika ugali na sato wa nazi, akatenga, akatoka. Aliporudi sahani ilikuwa imebaki miba. Akasema asante kwa kunitembelea, akajifunga khanga, akafungua mlango, akateremka mlima jua likiwa linaelekea kuzama, na pembeni yake, juu ya mawe makavu, nyayo zenye maji zilikuwa zinajitokeza moja baada ya nyingine, zikienda sawa na mwendo wake, zikipunguza pale alipopunguza. Mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anapanda njia ile nyembamba alisogea pembeni kabisa, akawapisha watu wawili, akasema, "Hamjambo?"

Walifika majini. Magugu yalikuwa yametanda mpaka mbele.

"Safari njema," Mama Wilhelmina alisema.

Nyayo hazikuondoka. Zilisimama palepale zikimwelekea, zikisubiri, kama anavyosubiri mgeni yeyote mlangoni akijua bado kuna neno moja. Na neno lilikuja, lilikuja lenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi, si kwa mazoea tu, kwa huruma pia, maana alijua hakuna anayemsubiri huko chini, na alijua kukaa bila kusubiriwa kukoje. Akaung'ata mdomo mpaka akaonja damu. Ndipo magugu yakaachana taratibu, maji yakaonekana, kisha magugu yakajifunga tena.

Evelina akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Mihayo. Jamani, nyumba ile! Nepi kwenye kila kamba, vicheko, wageni wa uzazi, mtoto analia mpaka mtambo wa darini hausikiki. Mama Wilhelmina akanenepa. Arobaini ikaisha, miezi ikaenda, mkwe akaja kuchukua familia yake. Stesheni, treni ikiondoka, Mama Wilhelmina alipunga khanga akipaza sauti: "Karibuni tena!" Hao walikuwa watu wake, ruhusa alikuwa nayo.

Akarudi nyumbani. Mtambo ukanguruma, ukazima, feni ikakata palepale. Kimya.

Alijitahidi. Haki ya Mungu alijitahidi. Alikwenda kanisani kila asubuhi, alimpigia Evelina simu, na simu ilikuwa haipokelewi. Mvua zikaja zikapita. Mwishowe akatafuta fundi mwingine, asiyejua habari zake, akamtolea ile taima kutoka kwenye droo. Ngazi ilikuwepo.

Mchana huo alitenga vikombe viwili. Mtambo ukazima, feni ikapuliza, ikapungua, ikakwisha. Akasubiri kugongwa. Hakuna. Mgeni mwenye adabu harudi asipoitwa, na hilo alilijua. Alimfikiria mjukuu wake, akajiambia mjukuu yuko Tabora, mbali, ana baba na mama.

"Karibu tena," akasema.

Ko, ko, ko. Safari hii mlango wa chumba cha Evelina ulikuwa unagongwa kutoka ndani. Harufu ya magugu ikajaa sebuleni, kiti cha pili kikalia, na Mama Wilhelmina akalia naye, kwa woga na kwa furaha, hakujua kipi ni kipi.

Hapo ndipo simu ilipoita.

"Mama!" Evelina alikuwa akiongea juu juu. "Pole kwa kutokupatikana, mambo yalituvuruga huku. Baba Mihayo amepunguzwa kazini, reli wamewapunguza wengi. Tumekata shauri, mama. Tunarudi Mwanza, tukae na wewe moja kwa moja, na mtoto. Hutakuwa peke yako tena. Kesho tunapanda treni. Mama? Si useme kitu? Haya, hodi, mama! Hodi nyumbani!"

Mama Wilhelmina alifungua mdomo apige kelele asije, lakini sauti haikutoka. Na kutoka mwisho wa korido, kwa sauti ya Mama Wilhelmina mwenyewe, laini, yenye furaha, likaja jibu.

"Karibuni."

"Asante, mama," Evelina akacheka, akakata simu.