Mmea wa Orina

Jumanne asubuhi, wiki ya sita tangu amzike mumewe Orina, Mellen alifungua pazia na kukuta chungu cha dirishani kitupu. Changarawe zilibaki. Mmea haukuwapo.

Inspekta Janeffer Chelangat na Sajini Omariba walifika nyumbani kwake Kiptere saa tatu. Mellen aliwaeleza haraka. Mmea huo asili yake ni jangwani. Orina aliuotesha kwa mbegu. Ni majani mawili manene yaliyoshikana, mfano wa kwato ya mwanambuzi, rangi ya jiwe. Kila mwaka majani mapya huchipuka katikati na kunyonya maji ya yale ya zamani, mpaka yanakunjamana. Ukinyweshwa wakati huo, unaoza.

"Na sasa yamekunjamana?" Inspekta aliuliza.

"Wiki ya tatu, Afande. Mtu akiumwagia maji leo, basi. Mwingine sina."

"Nimeshika wezi wa ng'ombe na wa majani chai," Omariba alisema. "Leo natafuta jiwe lisilokunywa maji."

"Cheka huku ukitafuta, Sajini," Inspekta alimwambia.

Kufuli halikuvunjwa. Mellen alimtaja Noah, muuza maua wa Sotik, aliyetaka kuununua mara mbili. Omariba alipiga simu. Noah alikuwa amelazwa hospitalini tangu Ijumaa, na muuguzi alithibitisha.

Inspekta aliinama dirishani. Chembe za udongo mwekundu. Alizisugua kwa vidole: laini, zimechekechwa, hazina mbolea hata kidogo. Alizaliwa kwenye mashamba ya chai. Aliujua udongo huo. Huchimbwa chini sana na kujazwa kwenye vifuko vya kuoteshea miche.

"Mama, nani ana kitalu cha chai na anajua unapoweka ufunguo?"

Mellen alielekeza kidole mteremkoni. "Shemeji yangu. Sagini."

Waliteremka mbio kati ya mistari ya chai, Mellen nyuma yao. Sagini alikuwa amefunua pembe ya hema la plastiki la miche, debe la kunyunyizia mkononi.

"Weka debe chini."

"Leo ndiyo siku ya kumwagilia, Afande. Miche—"

"Chini!"

Aliliweka. Inspekta aliingiza kichwa ndani ya joto la hema. Katikati ya miche ya chai, ndani ya kifuko, lilikuwepo lile jiwe dogo lililokunjamana. Aliugusa udongo. Unyevu wa hema tu; haujamwagiwa maji.

"Uliuchukua lini?"

"Jana, shemeji akiwa kanisani kwa akina mama."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakauka. Nilimwambia aunyweshe, akakataa. Nikaona anauacha ufe." Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Kaka alipougua nilisema nimalize kujaza vifuko kwanza, kisha niende. Nilifika wamekwisha kumfunika. Huu nao nisiuchelewe."

Mellen alipiga magoti. Kwa ncha ya ukucha aliufungua kidogo ufa wa katikati. Ndani, kijani kibichi.

"Tazama, Sagini. Haufi. Unazaa."

Sagini alitazama muda mrefu. Omariba alilisogeza debe mbali na hema.

Mellen alikataa kuandikisha mashtaka. Mizizi ilianikwa kivulini siku mbili, kisha mmea ukarudishwa kwenye changarawe. Majani ya zamani bado hayajakauka. Mpaka yakauke, haunyweshwi.