Fundi Aliyeponya Betri Nusu Nusu

Mwaka 2009, stendi ya Singida ikiwa imefurika abiria na kuku waliofungwa miguu, Nasma aliingia kwenye kibanda cha Rahimu, fundi wa kompyuta. Gauni la kitenge cha njano, mtandio mweupe. Rahimu akasahau bisibisi ilikuwa mkono gani.

"Fundi, laptopu yangu hii inatumia Linux, si Windows. Dakika arobaini tu, betri imekwisha. Mimi ni karani wa wafuga nyuki Itigi, na ghalani kwetu hakuna umeme."

Rahimu aliona ugonjwa wote papo hapo: mwanga wa kioo umepandishwa mpaka mwisho, bluetooth inatafuta wenzake wasiokuwepo, programu kumi na mbili zinaamka bila kuitwa, mashine inakimbia hata pasipo kazi. Shughuli ya saa moja. Lakini mwanamume akishapenda, saa moja itamfaa nini? Akapunguza mwanga, basi.

"Inataka matibabu ya pole pole, dada. Urudi wiki ijayo."

Akarudi. Bluetooth ikazimwa, dakika kumi zikaongezeka. Kufika wiki ya nne hakuwa dada tena.

"Umekula, asali wangu?" Rahimu humuuliza kwenye simu.

"Nimekula."

"Na mgonjwa?"

"Anaendelea. Daktari wake ndiye simwelewi."

Ikaja siku ya wanunuzi kutoka Dodoma. Nasma anawaonyesha hesabu ya mizinga, kioo kikawa cheusi. Mwenyekiti wa wafuga nyuki, Mzee Mazengo, akamwambia: wageni watarudi Jumatano; ikizima tena, atatafutwa karani mwingine.

Nasma akapiga simu. "Imezima mbele za watu, Rahimu. Kwa nini haiponi?"

Fundi hakosi cha kusingizia. Safari hii Rahimu akasema kweli. "Ningeimaliza siku ile ya kwanza. Niliogopa ikipona hutarudi."

"Kumbe mabasi yote yale nafuata dakika kumi." Akakata.

Siku tatu simu haikupokelewa. Jumatano alfajiri Rahimu akavaa shati lake la sikukuu ya Idi, akapanda basi la Itigi. Ghalani akamwamkia Mzee Mazengo, akaketi juu ya ndoo ya asali, akaomba mashine. Nasma akampa bila kumtazama. Rahimu akaandika amri zake, akazima kila kilichokula bure, akazituliza zile mbio.

Wageni wakaja, wakauliza, wakaonja, wakauliza tena. Saa tatu zikapita, kioo kinawaka. Wakatia saini.

"Imepona," Rahimu alisema. "Sasa huna sababu ya kuja stendi."

"Sina." Nasma akaifunga laptopu. "Na mgongo wangu umechoka na mabasi. Sasa zamu yako, lakini usije peke yako. Baba hupatikana Ijumaa, baada ya swala."

"Ijumaa hii au ijayo?"

"Rahimu, hata leo hujajifunza?"

Rahimu akatoa simu pale pale. "Shikamoo, baba mdogo. Keshokutwa una shughuli?"